Soksi ya Mheho

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, baba yangu alichukua soksi kuukuu iliyofungwa fundo akaibana kwapani. Alikunywa uji nayo, akafunga viatu nayo. Mama alikuwa akimwambia, "Risenga, wageni wakija utawaambia hilo ni jipu?" Yeye alicheka tu. Soksi ile ilikuwa mshahara wa Mheho.

Mheho alikuwa mbwa jike wa hifadhi, masikio marefu yananing'inia, na kazi yake ilikuwa kufuata harufu za majangili wa faru. Hakulipwa nyama. Majangili hutupa nyama yenye sumu njiani, kwa hiyo baba alimfundisha tangu mdogo asile kitu chochote akiwa kazini, hata akipewa mkononi. Akifika mwisho wa nyayo alitupiwa soksi, wakavutana, na baba, mwenye sauti nzito kama lori linalopanda mlima, alipiga kelele nyembamba kama bibi harusini: "Yuwiii! Mama yangu Mheho! Nani kama wewe?" Askari wenzake walimcheka. Hakujali.

Miaka sita ikaenda hivyo. Kisha magoti ya baba yakaharibika, daktari akamkataza kutembea porini. Mheho akakabidhiwa kwa askari Tintswalo Baloyi, dada mkimya ambaye buti zake zilikuwa zinang'aa hata msimu wa matope. Mkuu wa hifadhi akasema mtihani ni Ijumaa. Mheho asipofanya kazi na Tintswalo, atauzwa mjini akalinde ghala, kwenye mnyororo.

Tintswalo alimpa maini, Mheho akageuza uso. Alimpa mpira, Mheho akautazama ukibingirika. Alipompa soksi ya baba, Mheho aliidaka, akakimbia nayo mpaka kwetu, akaitua miguuni pa baba.

Tintswalo alifika anahema. "Baba Hlungwani, huyu mbwa ananidharau."

"Hakudharau. Wewe unamsifu kama mtu anayesoma barua ya serikali."

"Sasa nipige yowe kama wewe? Na wanaume wote wale wananitazama?"

"Waache watazame. Wao ndio watakaofika mwisho wa nyayo?"

Alipoondoka, baba aliiokota soksi, akainusa mwenyewe. Halafu akasema, kama anazungumza na ukuta, "Nimekosea. Miaka yote hii nimemfundisha kwamba furaha inakaa kwapani mwangu."

Kesho yake alimwambia Tintswalo afunge soksi yake mwenyewe.

"Kwapani? Baba, nimeolewa juzi!"

"Mumeo atazoea. Muulize mama wa hapa."

Mama akajibu kutoka jikoni, "Mimi sikuzoea! Nilichoka tu!"

Ijumaa tulisimama wote kwenye ua wa mbwa. Askari mmoja alikuwa ametangulia kujificha vichakani. Mheho alianza vizuri, pua chini, mkia juu. Hatua kama mia hivi, upepo ukavuma kutoka tulipokuwa. Mheho akainua kichwa. Akaziacha nyayo, akaanza kumvuta Tintswalo kuelekea kwa baba, akilia kwa furaha.

Mkuu akatikisa kichwa. "Mara moja tena. Ya mwisho."

Baba hakubisha. Nilimwona akivaa kofia. Hakumshika Mheho kichwa, hakumwita jina. Alinipita akaninong'oneza, "Mwambie dada asione haya." Akazunguka nyuma ya stoo mpaka upande ambao upepo unaelekea, akatoka kwa lango dogo, akashika barabara ya Malamulele, anachechemea.

Nilimfikishia Tintswalo maneno yale. Alimrudisha Mheho kwenye nyayo. Mheho alinusa hewa, akatafuta, hakupata kitu. Akashusha pua chini. Wakatokomea vichakani.

Tulisubiri. Kisha sauti ya Tintswalo ikasikika huko mbali, kwanza imekwaruza, halafu imefunguka: "Yuwiii! Mama yangu Mheho! Nani kama wewe!" Mheho akabweka, na askari aliyejificha akabaki anacheka.

Nilitazama barabarani. Baba alikuwa bado anaonekana, mdogo sana. Kelele ile ilimfikia, najua, kwa sababu alisimama. Alitia mkono ndani ya shati, akaitoa soksi kwapani, akaiweka mfukoni. Hakugeuka.

Mkuu alimwita mara tatu aje kuagwa rasmi, kuku watachinjwa. Tangu siku ile baba hakukanyaga tena uani pale.