Kusikia au Kusikika

Yule dada wa dukani alikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Hedifoni zangu za gemu, zile zenye maiki mbele ya mdomo, zilikuwa na sauti hafifu. Nikapanda basi kutoka Kimwani hadi Bukoba kutafuta amplifaya ndogo ya bei nafuu. Dada akaniwekea mbili mezani. Moja ilipeleka sauti masikioni tu. Ya pili, ghali kidogo, ilikuwa pia na tundu la maiki.

"Kaka, unataka kusikia au kusikika?"

Nikawaka. Nikamwambia nimefuata sauti, sikuja kufundishwa Kiswahili. Nikabeba ile rahisi.

Nyumbani nikachomeka, nikaingia mchezoni na binamu zangu wa Kanazi. Walisikika kama wamekaa sikioni mwangu, wakisema mimi ndiye mzigo wa timu, tena nimenuna, ndiyo maana siwajibu. Nikafoka. Nikapiga meza. Nikawatukana kwa Kihaya, matusi mazito niliyoyarithi kwa bibi.

"Bado kanuna," alisema mmoja wao, na nilimsikia vizuri kabisa.