Meno Thelathini ya Mzee Sairowua

"Mungu alinipa meno thelathini na mawili. Mila ikachukua mawili ya mbele chini, sikulia. Haya thelathini yaliyobaki nitazikwa nayo yote, na anayebisha alete chupa!"

Maneno hayo aliyasema Mzee Sairowua, mlinzi wa usiku kwenye loji tunakofanya kazi hapa Karatu. Ilikuwa sherehe ya wafanyakazi ya kufunga mwaka, maiki mkononi, bosi kakaa mbele, na wapishi wote wameacha masufuria kuja kusikiliza. Wabishi hawakosekani. Chupa zikaletwa. Alifungua kumi na moja kwa gego la chini kulia, moja baada ya nyingine, anatema vizibo kama mtu anayekula ubuyu. Ya kumi na mbili ikagoma kidogo, kisha ikalia ka! Tukapiga makofi tukidhani kimelia kizibo.

Lilikuwa jino.

Mzee ametokea Malambo, na huu ni mwaka wake wa kumi na saba hapa. Meno yake yana rangi ya chai ya maziwa kama ya wengi wetu, maana maji ya huku huyapaka meno rangi tangu utotoni. Wengine wanaficha mdomo wakicheka. Yeye aliufanya udhaifu kuwa sifa: "Meno meupe ni ya wageni, yanatoka na maembe. Haya ni mawe." Sasa mtu aliyesema hivyo kwenye maiki, jino likianza kumuuma Januari, atamwambia nani?

Hakumwambia mtu. Alihamia kutafuna kushoto. Akaweka karafuu. Karafuu ilipochoka akaweka ugoro. Kuna mtu alimshauri maji ya betri, na nashukuru dereva wetu alikataa kuyatoa, la sivyo leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa. Aliyemgundua ni Valeria, mpishi, kwenye nyama ya Pasaka.

"Mzee, mbona leo unaionea nyama aibu kama umekutana na mama mkwe?"

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi, na sufuria ninalo mimi?"

Yote hayo angeweza kuyabeba hadi mwaka mwingine, kama si Ritha. Ritha ni binti yake wa kwanza, na Jumamosi moja ya mwezi wa tano ndiyo iliyopangwa aondoke nyumbani Malambo kwenda kwa mumewe huko Soitsambu. Jumatano ya wiki hiyo shavu la mzee likavimba, jicho la kulia likabaki kama tundu la sindano. Alhamisi asubuhi nikampakia kwenye pikipiki, nikampeleka kwa daktari wa meno.

Daktari Angelina ni Mwiraqw wa Mbulu, mfupi, mikono ya koti ameikunja kama anakwenda kuosha vyombo.

"Shikamoo, mzee wangu. Umekula?"

"Marahaba. Sijala tangu jana, daktari. Nimekuja mtupu kabisa."

"Nani alikwambia ufunge? Hapa nitakupa ganzi ya mdomoni tu, sikulazi usingizi. Mtu mwenye njaa akiona sindano anaanguka, na wewe ukianguka mimi nitakuinua na nini? Nenda kanywe uji, usiwe wa moto, urudi."

Tukaenda, akanywa, tukarudi. Akapimwa presha. Akaulizwa kama ana sukari, kama ana ugonjwa wa moyo, kama akijikata damu huchelewa kukauka, kama kuna dawa anameza. Kote akajibu hapana, hapana, kifua mbele.

"Mzee," nikasema, "na zile aspirini unazomeza tangu Jumatatu?"

Akanitazama kama ng'ombe aliyeona kisu.

"Aspirini inachelewesha damu kuganda," daktari akasema. "Siyo siri ya ndoa hiyo. Mtu akija kung'oa anataja kila alichomeza, hata cha mitishamba, hata cha kuazima kwa jirani."

"Daktari, lakini wanasema jino likishavimba haling'olewi. Mtu anakufa."

"Wanaosema hivyo ndio wanaoniletea watu wamechelewa. Huo usaha ukishuka shingoni hutameza wala kupumua vizuri. Hapo ndipo pa kuogopa, siyo kwenye kiti changu." Akajaza sindano. "Ganzi ikiingia utasikia nasukuma na kutikisa. Maumivu hapana. Ukisikia maumivu inua mkono, naongeza. Usijikaze, baba, hapa siyo jandoni."

Mzee alicheka mpaka upande mmoja wa uso ukaanza kulala. Mkono wa kushoto aliukalia kabisa, usije ukamwaibisha. Lakini hakuuhitaji. Robo saa baadaye gego lilitoka, likiwa vipande viwili.

"Hili lilipasuka hadi kwenye mzizi," daktari akasema. "Ulitafuna nini, chuma?"

"Soda," nikamjibia. "Kumi na mbili."

Akamwekea pamba, akamwambia aing'ate nusu saa bila kuchungulia. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Ndani ya shimo damu itaganda, na donge hilo ndilo kifuniko. Likitoka, mfupa unabaki wazi. Kwa hiyo leo hakuna kusukutua. Kuanzia kesho, maji ya chumvi ya vuguvugu, anayazungusha taratibu na kuyaacha yadondoke yenyewe. Ugoro marufuku, na sigara, na pombe. Hakuna kunyonya kwa mrija. Asitafune kitu mpaka ganzi iishe, asije akala shavu lake akidhani ni andazi. Dawa amalize zote, hata uvimbe ukishuka.

"Na usiteme. Leo mate meza. Na mpaka wiki iishe, yasitoke kwa nguvu."

Mzee akaitoa pamba.

"Rudisha pamba!"

"Daktari, Jumamosi lazima niteme."

"Uteme nini?"

"Mwanangu anaolewa."

Angelina akanigeukia kama mtu anayetafuta mkalimani. Mzee akaeleza mwenyewe, mdomo umepinda, damu inamchungulia pembeni. Kwao baba humbariki binti kwa mate. Humtemea kwenye paji la uso kabla hajaondoka, na mate hayo ndiyo yanayomfuata njiani. Binti aliyetoka bila mate ya baba ametoka kama aliyefukuzwa.

"Si kuna ile ya kunyunyiza maziwa kwa majani? Nimeiona."

"Ile ni ya watu wote. Na ng'ombe. Hii ni ya Ritha."

Daktari akamrudishia pamba mdomoni. "Hakuna mwingine wa kumtemea?"

"Yupo kaka yangu, Kisioki."

"Basi ateme Kisioki. Ana meno?"

"Manne."

"Yanamtosha."

Wakakubaliana hivyo, na mzee akaahidi mbele yangu, pamba mdomoni, kichwa kinatikisika.

Jumamosi tulikwenda Malambo watu sita wa loji kwa gari la dereva wetu. Uvimbe ulikuwa umeshuka, mzee alipendeza, shuka jipya, mdomo kaufunga kama mkoba wa mjane. Wakati ulipofika alichovya majani mabichi kwenye kibuyu, akanyunyiza maziwa. Ritha akainamisha kichwa. Mzee Kisioki akasogea, akakusanya, akatema vizuri tu, sikuona kasoro.

"Inatosha, baba," Ritha alisema. "Najua kuhusu jino. Dereva ameniambia."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Ritha akaanza kutembea kuelekea gari la wakwe. Kwao bibi harusi hageuki nyuma, na hakugeuka. Ila alitembea polepole mno. Hatua moja, anasimama. Hatua nyingine, anasimama. Kama mtu anayejipapasa mifukoni akihisi kuna kitu amesahau mezani.

Nilimwona mzee anahesabu zile hatua. Kwenye ya saba akasema, "Simama."

"Mzee, donge!" nikasema. Hata mimi nilijua ni neno la kijinga kusema pale.

Akamzunguka mpaka mbele, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akatema. Kisha akatema tena, kwa nguvu zote za mlinzi anayefukuza fisi, na ya pili ilitoka nyekundu.

Ritha akajigusa paji la uso, akatazama kidole. Mama mmoja akaanza kunong'ona. Ndipo Mzee Kisioki akakohoa.

"Baba wengine hutoa mate tu," akasema. "Huyu ametoa na damu yake. Mnashangaa nini? Endesheni gari."

Ritha akacheka huku analia, na safari hii alitembea kama watu.

Jumapili jioni maumivu yakaanza, yakapanda sikioni. Mzee anasema jino lenyewe lilikuwa mzaha. Jumatatu mdomo ukanuka. Jumanne tulikuwa tena kwenye kile kiti, na Daktari Angelina akaelekeza taa ndani.

"Shimo kavu. Mfupa huu hapa unanitazama. Ulitema."

"Nilibariki."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akatikisa kichwa, lakini hakugomba. Akalisafisha shimo kwa maji, akalijaza dawa yenye harufu ya karafuu, akamwambia arudi baada ya siku mbili ibadilishwe. Alikuwa hajamaliza kuvua glovu simu ya mzee ikaita. Ilikuwa Ritha, kutoka Soitsambu, na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Baba, jino bado linauma?"

"Haliumi hata kidogo," mzee akasema, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu. "Umelala salama huko?"

"Nimelala salama, baba."

Mezani pa kulipia kuna karatasi imebandikwa. Kusafisha shimo na kuweka dawa ni shilingi elfu kumi na tano. Mzee alizilipa bila kubisha, akaziita gharama za harusi.