Maji aliyokunywa kaka yangu mbele ya kijiji

Admin, jina langu na la kijiji changu yabaki kwako, kwetu watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili walio hai. Naishi wilaya ya Butiama, upande wa Buhemba kule kwenye dhahabu. Mume wangu anafuga, mimi nalima mihogo na mtama. Naandika nikiwa Musoma, namuuguza mwanangu wodini, na sina mtu wa kumwambia haya akanisikiliza mpaka mwisho.

Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu. Baba alipofariki, ng'ombe waliobaki waliuzwa ili kaka asome chuo. Mimi nikaishia darasa la saba na wala sikununa, nilikuwaga najivunia kweli. Alipomaliza akapata kazi kwenye plenti moja, yaani kiwanda cha kuchenjua dhahabu, jirani na kijiji chetu. Kazi yake ni kuongea na sisi wananchi kwa niaba ya kampuni. Tulifurahi, tukasema sasa tuna mtu wetu mle ndani.

Masika iliyopita mvua ilikuwa kubwa. Bwawa la plenti, lile wanalomwagia maji yenye dawa za kuchenjulia, likafurika, maji yakashuka mpaka kwenye kijito kilicho karibu na kisima chetu. Wiki hiyohiyo ndama wakaanza kuangukia palepale kijitoni, mapovu mdomoni. Mume wangu alipoteza karibu zizi zima. Maji ya kisima nayo yakawa na harufu kama ya chuma chenye kutu. Sisi akina mama tukagoma kuchota, tukawa tunafuata maji mbali sana, mpaka plenti ikaomba mkutano uwanja wa shule.

Kaka akaja na wakubwa wake. Pakawekwa meza, juu yake jagi la maji. Akasimama akasema, "Wazazi wangu, mimi ni mtoto wenu. Haya ni maji ya kisima chenu, yamechotwa asubuhi hii. Yangekuwa na sumu, ningeyanywa?" Kisha akanigeukia mimi mbele ya kijiji kizima. "Dada, njoo unimiminie." Nikaenda, nikammiminia, akanywa glasi nzima. Watu wakapiga makofi, mama yetu akapiga vigelegele. Kesho yake tukarudi kisimani, na wa kwanza kutumbukiza ndoo nilikuwa mimi. Nilikuwa na mimba changa.

Kuhusu ile mimba sitaandika mengi. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, hakulia, tukamzika nyuma ya nyumba. Wakasema ni mipango ya Mungu, nami nikakubali. Baadaye huyu wangu mdogo akaanza kutapika, kuwashwa mpaka ngozi inatoka, akawa anasinzia na chakula kikiwa mdomoni. Zahanati wakatupa dawa za minyoo. Akazidi. Ndipo tukapewa rufaa ya kuja Musoma.

Kaka anaishi hapa mjini na familia yake, nikafikia kwake. Nilikuja na kidumu cha maji ya kisima chetu, tulikuwa tunakunywa njiani. Mtoto wa kaka akakichukua anywe. Wifi yangu akaruka kutoka jikoni, akampokonya, akaenda kumwaga nje. Nikamuuliza, "Wifi, vipi tena?"

"Jamani wifi, kwani kaka yako hajakwambia? Sisi alishatukataza tangu bwawa lilivyomwagika. Tukija huko kijijini tunabebaga maji yetu."

"Mbona yeye aliyanywa, tena mimi ndiye nilimmiminia?"

Akainamisha kichwa. "Yale ya mkutanoni yalitoka hapa nyumbani. Nilimjazia mimi, nikidhani ni ya kunywa safarini."

Jioni kaka aliporudi nikamuuliza neno moja tu: "Ulijua?"

Hakukataa. "Dada, waliniambia mkutano ukiharibika kazi sina. Nilijua mtachemsha."

"Nani alituambia tuchemshe? Na sumu inachemshwa?"

"Punguza sauti, watoto wanasikia."

Nikamwambia, "Wako wanasikia. Wa kwangu nimemzika."

Kesho yake hospitali daktari akaniuliza tunakunywa maji ya wapi. Nilipomjibu akasema hawezi kuyalaumu maji mpaka vipimo virudi, ila mtoto asiyaguse tena. Vipimo bado tunasubiri.

Kaka anakuja wodini kila siku na uji, analia, anaomba nisiseme popote. Mama naye, kaka keshamweleza, kanipigia simu: "Una kaka mmoja tu. Ukimwangusha, na mimi usinihesabu." Mume wangu bado anajua ni minyoo. Ni mpole, ila wale ndama waliokufa ndiyo jasho lake la miaka yote, na siwezi kusema atafanya nini akijua. Kijijini wameanza tena kunung'unika, na Jumamosi kuna mkutano mwingine. Kaka ataongea tena, na amenitaka nije nikae mbele na mama.

Nimejaribu njia ya pembeni. Nilimpigia jirani yangu, nimwite Mama Magesa, nikamwambia asichote pale. Akacheka: "Umefika mjini siku mbili umeanza kuringa? Si kaka yako aliyanywa tunaona?" Kumjibu hilo ilikuwa lazima nimtaje kaka na yale maji aliyotoka nayo mjini. Nikaaga nikakata.

Mama Magesa ni mjamzito, na siye peke yake pale kijijini.

Ndugu zangu mnaosoma, kama ni wewe ungefanyaje? Nisimame Jumamosi niseme mbele ya watu wote, au kuna njia nyingine ya kuwaokoa nisiyoiona? Nisemeni mnavyotaka, ila naomba msimtukane mama yangu.