Dumu la Fomalini

Adelgunda alikuwa na ufunguo uliomletea maneno mengi kuliko kitu kingine chochote: ufunguo wa kabati la maabara katika hospitali ya misheni. Humo lilikaa dumu la fomalini, dawa inayozuia nyama isioze. Madaktari wa Mwanza waliokuwa wakichunguza saratani ndio walioileta, kwa makubaliano kwamba vituo vyote vya afya wilayani vichote humo. Daktari akikata kipande cha uvimbe, kinatiwa kwenye kichupa chenye fomalini, kinangoja gari la Mwanza. Bila hiyo kinaoza, na mgonjwa anabaki kutibiwa kwa kubahatisha.

Wachotaji walikuwa wengi, na kila mmoja alijiona wa kwanza. Adelgunda aliwapimia kwa bomba la sindano, hata wakamtania kwamba angeuza gongo angetajirika. Hakujali. Dumu jingine lisingekuja mpaka mwakani.

Mwaka 1986 baba mkwe wake, Mzee Athanasi, alifariki nyumbani Nyabiyonza. Mwanawe mkubwa, Hategekimana, alikuwa Dar es Salaam. Akatuma simu: anakuja, mzee asizikwe mpaka afike. Treni, meli, kisha basi, maiti isingemngoja. Chumba cha baridi hakikuwepo, lakini hakuna asiyejua kwamba fomalini ndiyo inayohifadhi maiti. Macho ya ukoo mzima yakamgeukia mkwe mwenye ufunguo.

"Mama Placidius," mumewe Sebahire alimwambia, "huyu ni baba yangu. Sikuombi kingine."

"Baba Placidius, mtu mzima anamaliza dumu lote. Kuna watu wanangoja kukatwa vipande vya uvimbe. Kuna mtoto wa kijiji cha Mabira, taya limemvimba hata jicho halionekani. Nimwambie nini mama yake?"

"Mwambie tumefiwa."

Mama mkwe, Bi Mukamusoni, aliuliza neno moja tu pale mkekani. "Huyo mtoto ni wa nani?"

"Simjui, mama."

Adelgunda akapiga moyo konde, akakataa.

Mzee akazikwa kesho yake mgombani. Tangu hapo mkwe akawa anamenya ndizi za matanga peke yake. Aliyemwita alimwita "daktari" kwa kejeli, na mumewe alipokea chakula chake shingo upande. Iliuma. Aliona ameivunja nyumba yake kwa ajili ya mtoto asiyemjua, na kuna saa alijuta.

Hategekimana alifika vumbi tupu, akakuta kaburi.

"Nani amekataa kuningoja?"

Sebahire akainama. Shangazi yao, dada wa marehemu, akamnyooshea Adelgunda kidole.

"Teremsha mkono huo," alisema Bi Mukamusoni. "Mimi ndiye niliyesema azikwe. Alikuwa mume wangu, sikutaka atiwe madawa. Mwenye neno aniambie mimi."

Kila mtu pale alijua kwamba bibi anadanganya, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Hategekimana akapiga magoti mbele ya mama yake, ndipo akalia.

Adelgunda alikwenda kulilia nyuma ya jiko. Mama mkwe akamfuata.

"Gari la Mwanza linapita lini?"

"Kesho asubuhi, mama. Mtoto anakatwa kipande leo."

"Sasa unafanya nini hapa? Nenda. Ndizi atamenya wifi yangu, vidole anavyo."