Uji Mwekundu wa Madam Maggie

Kwa miaka kumi na mmoja Syokau amewapikia uji watoto wa chekechea moja pale Kiganjo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuharisha kwa sababu yake. Hana shamba, hana mume, ana jina zuri, na jina hilo analilinda kuliko mboni ya jicho. Wazazi humwita Mama Maluki. Watoto humwita shosho, yaani nyanya.

Ijumaa hiyo ya Valentine alikuwa na kichefuchefu tangu asubuhi, na aliyekileta ni Madam Maggie, mwenye shule. Kwanza aliagiza watoto wote waje na nguo nyekundu. Haya, nguo ni nguo. Kisha akawapanga wawili wawili, mvulana na msichana, wapigwe picha kama maharusi. Watoto wa miaka minne, jamani! Kasichana kamepakwa lipstick hadi puani, kavulana kanaambiwa, "Mshike bibi yako mkono," nako kanalia kanataka mama. Syokau aliwatazama kupitia dirisha la jikoni, akatema mate nje. Tangu lini mtoto asiyejua kujipangusa kamasi akawa bwana wa mtu?

Saa tatu Madam akaingia jikoni na unga fulani ndani ya kipande cha gazeti.

"Mama Maluki, leo nataka uji uwe pink. Wazazi wanafika saa nne, tunachukua video watoto wakinywa."

Kabla Syokau hajafungua mdomo, Madam alikuwa ameumwaga unga wote kwenye sufuria ya uji na kukoroga. Uji ukageuka mwekundu pyu, povu likapanda, na harufu ikatoka. Harufu hiyo Syokau aliijua. Ilikuwa ya nyumbani kwao Yatta, mamake alipokuwa akichemsha katani kwenye rangi ili asuke vyondo, vile vikapu vya Ukambani. Mikono ya mama ilikaa nyekundu wiki mbili, na mtoto aliyesogelea kile chungu alichapwa kwanza, maswali baadaye.

"Madam, hii ni rangi ya vyondo!"

"Najua. Ile ya keki ilikuwa imeisha huko sokoni. Ni kidogo tu, ongeza sukari."

Kumbe alijua! Syokau alimtazama yule mama mwenye kucha nyekundu na viatu vyekundu, aliyebandika mioyo ya karatasi kila ukuta, akaona kinyaa ambacho hata choo cha shule hakijawahi kumpa. Akachota kikombe kimoja, akakiweka mezani.

"Sawa. Muite Ciku aanze yeye."

Ciku ni binti wa Madam, wa pekee, yuko darasa la watoto wadogo. Madam alikiangalia kikombe.

"Ciku hanywi uji leo," alisema. "Yeye nimembebea maziwa."

Alisema hivyo bila haya, bila hata kushusha sauti. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini huyu alikuwa amejibakishia uchungu wa mmoja, wale wengine arobaini ni wa kupigwa video. Ptu! Syokau alizungusha leso kwenye masikio ya sufuria, akaitoa motoni.

"Mama Maluki, ukimwaga huo uji, Jumatatu usirudi hapa!"

Karo ya Maluki ilitoka kwa jiko hilo, kodi ya nyumba pia. Hata hivyo Syokau akatoka nje, akaumwaga uji wote mtaroni.

Alirudi, akaisugua sufuria kwa mchanga mara tatu, akateleka maji mapya. Jumatatu ingejijua yenyewe, watoto walikuwa na njaa leo. Mikono yake ilikuwa nyekundu hadi kwenye viwiko na sabuni haikusaidia kitu.

Mtaro ule hupita langoni, na wazazi walianza kufika wakiruka maji mekundu. Mama Njau, ambaye mwanawe hunywa vikombe viwili kila siku, alikuja moja kwa moja hadi mlango wa jikoni. Madam alikuwa bado amesimama pale, simu mkononi, tabasamu limeshatengenezwa.

"Haiya! Mama Maluki, nini hii imemwagika?"

"Ni uji wa Valentine wa watoto wenu," Syokau alisema, akikoroga ule mweupe. "Muulize Madam kwa nini Ciku wake alibebewa maziwa."