Kiingereza cha Husni na Ukuta wa Zidaka

Husni bin Jamaludin wa Wiyoni, Lamu, alikuwa na Kiingereza cha kutosha kusalimia ndege nzima ya wageni, na kisichotosha kumwelewa hata mmoja wao. Hakuna aliyelijua hilo kuliko mkewe, Bi Barka, aliyeishi nacho nyumbani kama mtu anavyoishi na jogoo anayewika saa sita mchana.

Alikiokota katika hoteli moja ya Shela, alikobeba mizigo ya wageni msimu mmoja. Alikwenda huko akisema kama babake na babu yake. Aliporudi, ulimi ulikuwa umevimba. Katika maneno aliyorudi nayo, alilolipenda kupita yote lilikuwa *fine*. Wali *fine*. Harusi *fine*. Mgonjwa anayehema mara moja kwa saa, *fine*. Siku ya maziko ya ami yake alisimama nje ya msikiti akipokea mikono ya rambirambi na kujibu, "*We are fine, thank you*," mpaka kaka yake akamvuta kanzu.

"Maskini akipata matako hulia mbwata," Barka alikuwa akisema, kisha husonya.

Basi mwaka huo mgeni mmoja, Bi Helen, akanunua nyumba kuukuu Mkomani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya wazee wa Barka upande wa mama. Wajomba waliiuza walipogawana urithi. Barka alijifunza kutembea humo. Chumba cha ndani kilikuwa na ukuta mzima wa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, kila kimoja na tao lake na maua yake yaliyochongwa kwa mkono. Nyanya yake aliweka humo mabakuli ya kaure na misahafu, na Barka alizijua zidaka zile kama anavyozijua sura za watu wa nyumbani.

Bi Helen alikuwa na kazi Nairobi, akataka msimamizi wa kuangalia matengenezo. Husni akaipata kazi hiyo kwa sababu ndiye aliyemdaka gatini kabla ya wengine. Barka alifurahi. Angalau nyumba ya wazee wake itakuwa mkononi mwa mtu wa nyumbani.

"Babake Shifaa," alimwambia, "fanya utakalo, lakini zidaka usiziguse."

"*Fine*," akajibu.

Balaa lilianza na mchanga. Husni alirudi siku moja akasema mwenye nyumba anataka mchanga *fine* wa kupiga lipu. Yeye alilijua neno hilo: zuri. Akaenda kuchagua mchanga mzuri, mweupe wa kupendeza, unaometameta kwa vipande vya kombe. Fundi Bakr aliushika, akautazama.

"Bwana Husni, mchanga huu una mawe."

"Mwenye nyumba ataka mzuri. Huu si mzuri?"

"Mzuri ni mzuri."

"Basi piga."

Wakapiga. Ukuta ukatoka kama ngozi ya papa. Ukiuegemea kwa kanzu, kanzu inabaki. Husni akaupiga picha, akaituma Nairobi.

Kutoka hapo kichwa kilizidi kupanda. Akaanza kuutazama ukuta wa zidaka na kuona mahali pa televisheni. Kona moja ilikuwa na unyevu, naye akaishikilia kona ile kama wakili: ukuta uvunjwe. Jioni moja alimpigia simu Bi Helen akiwa ameketi uani, sauti imefunguliwa ili majirani wafaidi. Barka alikuwa akichuja tui. Kiingereza hakukijua, lakini sauti ya mwanamke aliyechoshwa na mwanamume aliijua vizuri. Ile sauti ilianza kwa upole, ikaenda mbio, ikakatizwa, ikajaribu tena, ikakatizwa tena. Mwisho ikasema, "*Fine*, Husni. *Fine!*" kwa ukavu, kama mtu anayebamiza mlango. Simu ikakatika.

"Umesikia?" Husni akasema, meno nje. "Amekubali. Tena mara mbili!"

"Yule amekasirika."

"Wewe Kiingereza umekijua lini?"

Barka akarudia tui lake. Alidhani mumewe ana upumbavu wa maneno tu, na kwamba mikono yake bado ina akili. Alimdhania makubwa.

Siku ya pili Bi Hindu, mzee anayekaa ubavuni mwa nyumba ile, alikuja amejitanda buibui, pumzi juu juu. "Barka! Nyumbani kwa nyanyako mwavundwa! Nyundo zalia tangu asubuhi!"

Barka alikimbia na unga mikononi. Alipoingia chumba cha ndani hakuona kitu kwa vumbi. Vumbi lilipotua, aliona nusu ya ukuta, na nusu nyingine iko chini. Bakr alikuwa amesimama na nyundo, macho hayajui pa kwenda. Husni alikuwa anapima kwa mikono upana wa televisheni.

"Mwatendani?" Barka aliuliza.

"*Permission* iko, ruhusa ya mwenyewe," Husni akasema.

Barka alipiga magoti, akatandika leso yake, akaanza kuokota vipande vyenye maua. Bakr aliweka nyundo chini akaokota naye. Husni aliwaambia waharakishe, kifusi chazuia ndia.

Bi Helen alipofika kutoka Nairobi, Husni alimpokea peke yake, kisha akarudi nyumbani amenyooka kama mlingoti. "Nimemuuliza *how are you*. Amenijibu kabisa, *I'm fine*. Akafuta mato, akaniomba funguo, akanambia nende nikapumzike."

"Alifuta mato?" Barka akauliza, akigusa jicho lake.

"Vumbi."

"Na funguo kachukua?"

"Si za kwake?"

Barka alimtazama mtu huyo aliyezaa naye watoto, akaona kusonya hakutoshi. Akajitanda buibui, akabeba furushi la vipande, akaenda Mkomani. Alikuwa amejiandaa kusema kwa mikono, kama bubu. Akapiga hodi. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwenye macho mekundu.

"Karibu, Bi. Samahani nimechelewa kufungua. Nilikuwa nalia kidogo."

Kilikuwa Kiswahili cha kitabuni, kila neno limesimama mahali pake kama mwanafunzi mstarini. Lakini kilikuwa Kiswahili.

Barka akashika mwimo wa mlango. "Wewe wajua Kiswahili?"

"Nimejifunza kwa muda mrefu. Bwana Husni nilimwambia mambo yote kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiingereza. Nikaogopa kumvunjia heshima, nikamfuata."

"Na mchanga?"

"Nilisema mchanga laini. Akanisahihisha. Akaniambia, *say fine*. Nikasema *fine*, kwa sababu ni kweli, mchanga laini tunauita hivyo."

"Na ukuta?"

Bi Helen alikaa kwenye kizingiti. "Nilimkataza. Akasema mafundi wote wanataka uvunjwe. Nikamkataza tena. Nilichoka. Nikasema *fine*, lakini si *fine* ya kukubali. Ni ile ya… sijui mnasemaje."

"Haya," Barka akasema kwa ukavu, uso kando.

"Ndiyo! Hiyo hasa!"

Barka akacheka, cheko chungu lisilo na furaha ndani. Haya ile kila mke wa Lamu amemwambia mumewe, na hakuna mume aliyeichukua kuwa ruhusa ila mpumbavu. Akafungua furushi. Wakapanga vipande sakafuni.

Habari zilifika ofisi inayolinda nyumba za kale. Afisa mmoja, Bwana Murithi, akamwita Husni, akamsomea kosa lake kwa Kiingereza, akamalizia na *fine*. Hiyo ndiyo maana pekee ambayo Husni hakuikosea, kwa kuwa watu wote waijua tangu zamani: faini.

Alirudi nyumbani amefura. "Lugha gani hii! Neno moja, leo zuri, kesho laini, kesho kutwa hasira, mwisho adhabu! Kosa ni la Kiingereza."

"Na yetu je?" Barka akamuuliza. "Haya njoo. Haya basi. Haya maneno. Na haya ya usoni. Zote wazijua tangu utotoni, isipokuwa hiyo ya mwisho."

Bi Helen alimwomba Barka asimamie kazi iliyobaki, naye akakubali. Lipu ya mchanga mzuri ikabanduliwa. Fundi kutoka Siyu akarudisha vipande vilivyookotwa, na palipokosa kipande akataka kuchonga maua mapya. Barka akamkataza, akataka mapengo yaachwe.

"Pawate tupu. Alipovunda paonekane."

Husni sasa hubeba mizigo ya wageni gatini, na huwasimulia jinsi alivyotengeneza nyumba kubwa Mkomani. Akimwona Bi Helen na mkewe wanakuja pamoja, wakizungumza kwa sauti ya kawaida, huingia kichochoro cha karibu. Barka humwona. Hajawahi kumwita arudi.