Kaseti Isiyo na Mwimbaji

Mtanivumilia kwa mwandiko. Nilisoma shule ya msingi tu, na mkono wangu umezoea chaki ya kuchorea nguo kuliko kalamu. Makosa ya herufi yakizidi, someni polepole, kama ninavyoandika.

Ninashona na mjomba wangu kwenye baraza moja hapa Biryogo, Kigali. Mteja wetu mmoja alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akileta kanzu za waimbaji wake tuzirekebishe. Siku moja, mwaka wa tisini na tatu, alinikuta peke yangu akatoa kaseti mfukoni.

"Wewe kijana huongei. Labda unasikiliza," akasema. "Chukua. Ni muziki wa Ulaya wa zamani. Usianze upande wa pili, ule ni mzito. Anza na huu wa piano peke yake."

Nikauliza mwimbaji ni nani.

"Hakuna mwimbaji."

Sikuelewa, lakini niliona aibu kuuliza tena. Kesho yake nikaiweka kwenye redio ya mjomba, nikawa nakanyaga cherehani huku nikisubiri mtu aanze kuimba. Hakuanza. Aliyekuja ni mama anayeuza sambusa ng'ambo ya barabara, anakimbia, mikono imejaa unga.

"Fundi! Nani amekufa?"

Mjomba akatoka ndani na kikombe mkononi. "Amekufa nani?"

"Si nyinyi ndio mko na redio? Iko waziri ao nani?"

Hapa lazima nieleze. Redio ya taifa, akifa mkubwa, ilikuwa inakata nyimbo za kawaida na kupiga muziki wa ala tupu mpaka tangazo lisomwe. Kwetu muziki ule ulikuwa na kazi hiyo moja. Na kwa kuwa vita vilikuwepo, kila mtu alikuwa anasubiri tangazo baya. Kabla sijapata maneno, muuza maziwa na kinyozi walikuwa wameshafika.

"Ni kaseti," nikasema.

"Kaseti ya msiba?" Kinyozi akacheka. "Huyu kijana anajizika mwenyewe!"

"Mjomba, zima hiyo kitu," mjomba wangu akaniambia, maana tunaitana hivyo, "kabla hawajaanza kuniletea rambirambi."

Mwalimu aliporudi nilimsimulia. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mule ndani kuna mahali pana furaha nyingi," akasema. "Sikuambii ni wapi. Ukipaona, utaniambia."

Maneno hayo yakanishika. Darasani nilikuwa mtu wa kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzangu ili nisiulizwe kitu, lakini swali hili nilitaka kulijibu. Nikawa nasikiliza chumbani, sauti chini, mjomba akienda msikitini. Miezi ikapita. Leo nadhani nimepaona, kesho pale pale pananihuzunisha. Mwalimu akija ananitazama tu, nami natikisa kichwa.

Wiki ya Pasaka ya tisini na nne nikapaona. Ni karibu na mwisho wa upande wa kwanza: piano inapanda mbio, inasita, halafu inashuka kama mtoto anayeruka madimbwi akitoka shule. Nilijikuta natabasamu peke yangu. Mwalimu alikuwa ameacha kanzu tatu na kusema atazifuata Alhamisi. Nikazipiga pasi, nikaanza kujizoeza maneno.

Alhamisi asubuhi redio ilikuwa inapiga muziki wa ala tupu. Nilikuwa bado na usingizi, na kitu cha kwanza kilichonijia, sijui niseme vipi, kilikuwa furaha. Nikasogea karibu nisikie kama utafika mahali petu. Ndipo nikamwona mjomba amekaa chini, ameshika kichwa. Ndege ya rais ilikuwa imeangushwa usiku, na mjini watu walikuwa wameshaanza kuuawa. Mama wa sambusa hakuja kuuliza nani amekufa.

Mwalimu hakuja siku ile, wala mpaka leo. Nimeuliza kanisani kwao. Mmoja anasema alifika Burundi, mwingine anageuza uso.

Sasa tuna fundi mpya, kijana wa rika langu aliyekulia Uganda. Aliikuta kaseti chini ya zile kanzu.

"Ndugu, muziki huu mimi siujui kabisa. Nianzie wapi?"

Nikimwambia aanze na ule wa piano, nitakuwa nampa furaha ya mwalimu au nampa asubuhi ile? Yeye hakuwepo, huenda kwake itakuwa piano tu. Au nimwanzishe na upande mzito, ambao mimi mwenyewe sijawahi kuumaliza? Ananiuliza kila siku, nami namwambia ngoja.

Nyinyi mnaoujua muziki huu, niandikieni: mgeni mnamwanzisha wapi? Mwandiko wenu ukiwa mbaya kama wangu, nitausoma tu. Na kama mwalimu yuko mahali anasoma haya, aniandikie hata mstari mmoja, aniambie kama ni pale.